Kikapu cha Mama Kabula na Pakiti Namba 63

Wanangu mnaoanza kazi ya mbegu, papaseni mifuko yenu kwanza. Asiye na penseli aweke chini karatasi hii akaitafute, nitamsubiri. Sisemi kalamu ya wino. Wino ukiingia friza na kutoka, ukapata unyevu, unatambaa mpaka sita inageuka nane. Penseli haina makuu. Nimeona karatasi iliyoandikwa kwa penseli ikiwa imelika pembe zote nne, na namba katikati bado inasomeka.

Aliyenifundisha hilo ni Mzee Malimi, mtunza ghala la mbegu katika kituo cha utafiti wa kilimo nilichofanyia kazi maisha yangu yote, kusini mwa Mwanza. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole wa sauti, na kila pakiti aliiandikia namba mara mbili: karatasi moja nje, nyingine ndani pamoja na mbegu. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo. Akaniambia, "Ya nje ni ya watu. Ya ndani ni ya Mungu." Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Ukerewe, nimesomea ukatekista kabla sijaajiriwa, nikadhani ananitania kwa sababu ya dini yangu. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba alikuwa ananifundisha kazi.

Kazi yenyewe, kwa wasiojua, ilikuwa kukusanya karanga. Kila nyumba ya zamani huku kanda ya ziwa ilikuwa na karanga zake, alizokuja nazo bibi kutoka kwao alipoolewa, na mama mkwe akazikubali au akazikataa. Hizi zinakomaa mapema, zile zinavumilia ukame, nyingine zina mafuta mengi. Watu wakishika mbegu mpya za dukani, za zamani hupotea kimya kimya, na huenda ndani ya hizo zilizopotea ndiko kulikuwa na dawa ya ugonjwa utakaokuja kesho. Kwa hiyo kituo kinazikusanya, kinazipa namba, kinazigandisha, na kila baada ya misimu kadhaa kinazipanda upya ili zisifie ndani ya pakiti. Hiyo ndiyo kazi niliyomshukuru Mungu kwayo kila asubuhi, hata asubuhi zile nilizoharibu.

Na niliharibu mapema. Safari yangu ya kwanza nilikwenda kijiji kimoja cha kando ya ziwa, nikakaribishwa na mama mmoja mcheshi, nikaeleza shida yangu, naye akanijazia mfuko wa karanga zilizokauka vizuri, ganda safi kama limeoshwa. Nilishangaa ukarimu wake. Niliandika namba, nikazipanda mimi mwenyewe mistari miwili, nikazimwagilia. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Wiki ya pili nilianza kuziombea. Mzee Malimi alikuja, akafukua punje moja, akaifuta kwenye suruali, akaitafuna taratibu huku akiangalia mawingu.

"Chumvi imekolea," akasema.

Zilikuwa zimechemshwa kwa chumvi, kisha zikaanikwa. Ndivyo wanavyoziweka akiba ya wageni. Mgeni akija na kusema anataka karanga, hupewa zilizo tayari kuliwa, tena zile nzuri. Mbegu si kitu cha mgeni. Mbegu huombwa kama mchumba anavyoombwa: unakwenda, unarudi, unajulikana ni mtoto wa nani. Mimi nilikuwa nimepanda chakula cha wageni na kukifanyia sala. Kwa mwaka mzima Mzee Malimi, badala ya kunijibu marahaba, alikuwa ananijibu, "Zimeota?"

Basi nilipotumwa Buhongwa kwa Mama Kabula nilikuwa nimeshika adabu. Msiione Buhongwa ya leo yenye maduka ya saruji na nyumba za ghorofa pembeni ya barabara ya Shinyanga. Wakati huo ilikuwa mashamba, na shamba la Mama Kabula lilikuwa kwenye udongo mzito mweusi, ule unaokuwa mgumu kama tofali jua likiwaka. Mara ya kwanza nilikwenda kusalimia tu. Mara ya pili nilimsaidia kupukuchua, na akaniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia Ukerewe, akacheka, akasema watu wa kisiwani wanalima mchanga, karanga zao zinang'oka zenyewe kwa uvivu. Mara ya tatu ndipo alipoingia ndani na kutoka na kikapu kidogo chenye mfuniko, kimefumwa vizuri, kimejaa punje nyekundu nyekundu.

Aliniambia sifa ya karanga zake, na mimi niliandika kwa penseli: haziachi mtoto ardhini. Maana yake, ukichelewa kuvuna mpaka udongo ukakauka, karanga nyingi hukatikia chini. Unavuta majani, maganda yanabaki. Zake hutoka zote. Kikonyo chake ni kama uzi wa viatu. Kwenye udongo ule, hiyo ndiyo tofauti ya kula na kulala njaa.

"Kikapu nakitaka," akasema. "Mbegu nimekuazima. Siku nikizihitaji, nitakuja kwako, si kwa serikali."

Nilikirudisha kikapu wiki iliyofuata, na ndani niliweka sukari na kipande cha sabuni. Nyinyi mmelelewa hivyo hivyo, najua. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mama yangu alikuwa akikopa ungo, anaurudisha na viazi viwili. Hata akikosa kabisa, aliweka majani ya mchaichai. Ni tabia njema, na sijutii kulelewa nayo. Lakini ndiyo iliyokuja kuniangusha, kwa hiyo ishikeni akilini.

Karanga za Mama Kabula zikawa pakiti namba 63. Namba 64 zilikuwa za shangazi yangu wa Ukerewe, nazo nyekundu nyekundu. Ukizimenya zote na kuziweka kwenye viganja viwili, huwezi kujua ipi ni ipi.

Miaka ikapita. Ukaja msimu mmoja wa kupanda upya, vidukari wakavamia, na ule ugonjwa wa kudumaza karanga ukashika mistari yetu. Majani yakajikunja, mimea ikabaki mifupi kama imekaliwa. Namba 64 zilinusurika kiasi. Namba 63 nilivuna kiganja kimoja tu. Mzee Malimi alikuwa likizo. Nilikaa ghalani peke yangu na ile pakiti mkononi, imelegea, karibu tupu, na nilimwona Mama Kabula akiniangalia kupitia karatasi. Mtu aliniazima kikapu kilichojaa. Mimi namwekea hiki?

Nikachota viganja viwili kutoka namba 64, nikaongezea. Pakiti ikajaa vizuri. Wanangu, sitawaficha: nilisikia raha. Nilikuwa nimemtendea mama wa watu heshima. Wala sikuandika popote, nje wala ndani, kwa sababu katika akili yangu halikuwa jambo la kuandikwa. Nani anaandika kwamba ameweka viazi kwenye ungo wa jirani?

Tangu hapo nimepiga magoti kwenye kitubio mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeungama hasira, uvivu wa sala, maneno niliyomwambia shemeji yangu. Hilo sikuliungama kamwe. Nililiweka upande wa mema.

Sasa niwaeleze alama za vinasaba, kwa maana wengi mnazisikia chuoni na kuzikariri bila kuzielewa. Ndani ya kila mmea kuna maandishi marefu mno, na kuna mahali ambapo herufi chache hurudiwarudiwa bila sababu. Mimi nililielewa kwa njia ya kwaya. Chukua wimbo mmoja unaoimbwa na parokia zote za jimbo. Maneno ni yale yale, ila mwishoni parokia moja hurudia aleluya mara tano, nyingine mara nane. Ukisikia imerudiwa mara nane, hata ukiwa umefumba macho unajua wameingia waimbaji wa parokia ile. Alama zetu ndizo hizo aleluya. Tunakata kipande hicho, tunakirudufu kwa mashine, tunakipitisha kwenye jeli yenye umeme. Kipande kifupi hukimbia, kirefu hujikokota, na mwisho unaona mistari inayong'aa, kila mmoja umesimama kwenye kimo chake.

Kwa karanga kuna shida moja. Zinafanana mno. Wataalamu wanasema karanga zote tunazolima zilitokana na ndoa moja ya mimea miwili ya porini, kule Amerika ya Kusini, zamani sana. Kwa hiyo alama moja au mbili hazitoshi, maana parokia nyingi zinarudia aleluya sawasawa. Inabidi usikilize nyimbo nyingi.

Aliyetuletea kazi hiyo ni Daktari Kokusima, binti wa Kihaya kutoka Kagera, Mlutheri, mwenye mkono mtulivu kuliko wote niliowahi kuona ukishika pipeti, ile mrija wa kupimia matone. Mimi nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na nilipangiwa kwake kama msaidizi wa maabara. Mwanzoni aliniita "mzee" kwa tahadhari, kama anayeshika yai. Baada ya mwezi akaniita "babu", na hapo nilijua tutafanya kazi.

Alinifundisha mambo ambayo nanyi myashike. Chukua jani changa lililojikunja, lile ambalo bado halijafunguka, maana jani kubwa lina utelezi na rangi nyingi, utapata kitu kama uji wa mlenda na hutaona mstari wowote. Liweke kwenye barafu papo hapo, usilitembeze kiwanja kizima ukisalimiana na watu. Saga mpaka uchoke, halafu saga tena. Mimi nilimfundisha moja tu: kuandika vibomba vya sampuli kwa penseli juu ya kipande cha utepe wa gundi, kwa sababu ile kalamu yake ya kisasa ilifutwa na spiriti siku ya pili tu, na vibomba vyote vikabaki na sura moja. Siku hiyo aliniomba penseli.

Friza letu lilikuwa limejaa. Mkuu wa idara alitaka tujue ni pakiti zipi zimerudiwa, yaani karanga zile zile zenye majina mawili, ili moja iondolewe nafasi ipatikane. Kokusima akapima kila pakiti. Na ilipofika namba 63 na 64, akakwama.

Mara ya kwanza alichukua mche mmoja kutoka kila pakiti. Mistari ikafanana yote. Lakini daftari la zamani lilisema moja imetoka kwenye udongo mzito wa Buhongwa na nyingine kwenye mchanga wa Ukerewe, tena zinatofautiana siku za kukomaa. Akaona ajabu, akarudia kwa miche mingine. Safari hii zikatofautiana. Akarudia tena, zikafanana tena. Nilimwona akiosha vinu mara mbili, akimwaga maji ya kuchanganyia dawa na kutengeneza mapya, akijilaumu kwa sauti ndogo. Mkuu wa idara alimwambia mbele ya watu kwamba mtaalamu asiyepata jibu moja mara mbili aangalie usafi wa mikono yake. Alirudi mezani kwake. Mwishowe alihesabu: mara mbili zimefanana, mara moja hazikufanana. Akaandika kwenye orodha kwamba 63 na 64 ni kitu kimoja, na 63 itolewe.

Nami nilikuwa nimesimama pale pale na kinu mkononi. Mngeniuliza kama nilikumbuka vile viganja viwili, ningewaambia kweli: nilikumbuka tangu alipopata majibu tofauti. Nilijiambia kwamba yalikuwa zamani, kwamba labda si hilo, kwamba nimebakiza miezi michache.

Wiki ile ile Mama Kabula akaja.

Alikuwa amezeeka sana, anatembea na fimbo, amesindikizwa na mkwewe aliyebaki nje ya geti. Shamba lake lilikuwa limekatwa viwanja. Alikuwa amepata ardhi nyingine mbele zaidi, udongo ule ule mweusi, lakini mbegu yake ilikuwa imekwisha: mvua zilikosa misimu miwili, watoto wakala akiba, na alizojaribu kununua sokoni zilibaki ardhini zote, wakazichimba kwa jembe kama viazi. Mkononi alikuwa na kikapu chake, kile kile, mfuniko umeshonwa upya kwa uzi wa nailoni.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Mkerewe, bado uko hai wewe? Nimekuja kuchukua zangu."

Kokusima alimkaribisha kwa heshima, akamweleza kwamba karanga zake na za Ukerewe zimeonekana ni ndugu wa damu moja, hivyo atapewa bila shida yoyote. Akamletea kiganja cha namba 63. Mama Kabula alichukua punje moja, akaiweka mdomoni, akaitafuna kwa upande ule aliobakiwa na meno. Alitafuna muda mrefu. Kisha akaitema kwenye kiganja, akaniangalia mimi, si daktari.

"Hizi si zangu. Zangu zinaanza na uchungu kidogo, utamu unakuja nyuma. Hizi ni tamu tangu mlangoni. Hizi ni za kisiwani."

Kokusima akamweleza kwa upole kwamba kipimo kimefanywa kwa mashine. Bibi akasema mashine haina meno. Akafunika kikapu, akasema atapita tena baada ya Jumapili, labda tutakuwa tumekumbuka tulipoziweka. Alisema bila ukali wowote. Ningefurahi kama angenikaripia.

Ilikuwa Kwaresima. Nilipanda gari kurudi Igoma ninakokaa, nikashuka kituo kimoja kabla ili nipite kanisani. Nilikaa kwenye benchi la nyuma na rozari, na kila nilipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" nilikwama, maana kwa mara ya kwanza niliuliza ni kosa lipi hasa. Kuongezea zile karanga lilikuwa kosa la ujinga. Kutoandika lilikuwa kosa la kazi. Lakini kumwacha yule binti aoshe vinu na kutukanwa mikono wakati mimi najua, hilo lilikuwa na jina katika Amri Kumi, na halikuwa la zamani. Lilikuwa la wiki ile.

Asubuhi nilifika kabla yake. Alipoingia nikamwambia yote nikiwa nimesimama: ugonjwa, kiganja kimoja, viganja viwili, ungo wa mama yangu. Alinisikiliza akiwa hajavua mkoba begani.

"Babu," akasema, "unajua nililia bafuni kwa sababu ya hii namba 63?"

Nikamwambia sikujua, lakini nilipaswa kujua.

"Nilishaanza kufikiri kazi hii si yangu."

Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alivua mkoba, akauweka, akakaa, akachora maduara mawili kwenye karatasi, akayatazama. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekuwa akipiga hesabu isiyotoka na sasa ameona tarakimu aliyoiruka.

"Basi nilipata majibu sahihi mara zote tatu," akasema. "Kuna watu wawili ndani ya pakiti moja. Na ile mara ya pili nilimkuta Mama Kabula."

Hapo nataka mwelewe huruma ya Mungu ilivyo katika mambo madogo. Kama yangekuwa mahindi, ningekuwa nimeharibu moja kwa moja, maana mahindi huoana hovyo na upepo, na kwa misimu yote ile ya kupanda upya yangekuwa yameshakuwa ukoo mmoja. Karanga hujichavusha yenyewe, ua likiwa bado limefunga mlango. Mbegu za Mama Kabula zilikaa miaka yote katikati ya za shangazi yangu, zikapandwa pamoja, zikavunwa pamoja, na kila moja ikabaki ilivyo. Kama zilikuwepo, zilikuwa nzima.

Swali lilikuwa ngapi. Ule mche wa mara ya pili tulikuwa tumeuchuma jani, kisha tukaung'oa na kuutupa. Pakiti ilikuwa imebaki na punje arobaini na kitu, tena kuukuu. Tungezipanda zote na kusubiri majani, zile dhaifu zingekufa kabla hatujazijua. Kokusima akanionyesha njia nyingine. Punje ya karanga ina kijicho upande mmoja, pale mmea unapochipukia. Upande wa pili ni chakula tu. Ukikata kipande chembamba sana huko nyuma, kama ukucha wa mtoto mchanga, unapata cha kupima na mbegu bado inaota. Ila ina mafuta mengi, kwa hiyo lazima uioshe kwa klorofomu mara mbili, wala usiwe na haraka.

Kukata nilikata mimi. Mikono yangu imezoea kumenya. Kila punje nilipokata niliiweka kwenye kibahasha chake, namba nje kwa penseli, na namba ndani kwa penseli. Kokusima aliniangalia, akauliza ya ndani ni ya nini. Nikamwambia maneno ya Mzee Malimi. Akaanza naye kuandika za ndani.

Tulipowasha taa ya kuangalia jeli, tuliinama wote wawili. Mstari, mstari, mstari, wote kimo kimoja, kimo cha shangazi yangu. Nilianza kukata tamaa karibu na ishirini. Kwenye ishirini na sita mstari ulikuwa umekaa juu kidogo, peke yake, kama mwimbaji aliyesimama wengine wakiwa wamekaa. Kokusima akaugusa kwenye kioo kwa kidole. Mwisho wa zoezi, punje nne tu hazikuwa za Ukerewe, na zote nne zilifanana zenyewe kwa zenyewe katika kila alama tuliyoijaribu.

Yeye ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa idara. Alitaka kusema tu kwamba pakiti imegundulika ina mchanganyiko. Nikamwomba nami niingie, nikasema ni mkono wangu. Mkuu akaagiza pakiti zote nilizowahi kushika misimu ile zipimwe upya, punje nyingi kila moja, si mche mmoja. Ilikuwa adhabu ya haki, na nilitumikia miezi yangu ya mwisho kwa adhabu hiyo. Tangu hapo kituo hakichukui mche mmoja na kudai kimeuona ukoo mzima. Kwa upande wa kazi, hilo ndilo jema lililotoka humo.

Mama Kabula alipopita baada ya Jumapili nilimweleza mwenyewe. Sikutumia neno lolote la kitaalamu. Nilisema karanga zako zilipungua mikononi mwangu nikaona aibu, nikajazia za kwetu, na sasa zimebaki nne. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ukaona aibu, ukanijazia," akasema. "Wewe kweli umelelewa. Lakini umelelewa vibaya." Kisha akawa mzito kidogo. "Nne zinatosha. Nilipoolewa nilikuja na kiganja. Zipande wewe."

Nilizipanda kwenye ndoo za udongo mweusi nilioufuata shambani kwake, chini ya chandarua kizito vidukari wasipenye. Moja ikaoza. Tatu zikaota. Sijawahi kulea kitu kwa namna ile, hata watoto wangu watanisamehe. Siku ya kuvuna ilipokaribia, Kokusima alitaka tuvune mapema, udongo ukiwa laini. Mama Kabula akakataa. Akasema acheni mpaka ndoo ipasuke midomo. Tukaacha. Udongo ukawa jiwe. Ndipo alipokuja, akaegemeza fimbo, akashika mmea wa kwanza kwa mikono miwili, akavuta.

Ulitoka wote. Maganda yakaning'inia kama funguo. Tulipasua udongo kwa kisu kutafuta lililobaki, hapakuwa na kitu. Hakuvuta miwili iliyobaki. Alimwachia Kokusima mmoja na mimi mmoja, ili tujue mkononi jinsi inavyokuwa.

Nusu ya mavuno ikaingia pakiti mpya. Nusu niliiweka kwenye kikapu chake. Haikufika hata robo ya kikapu, na nilikishika muda mrefu, mkono unanivuta nitie kitu juu yake, sukari, chochote. Sikutia. Nilimkabidhi kikapu karibu kitupu, na hicho ndicho kitendo kigumu kuliko vyote nilivyofanya katika utumishi wangu.

Nilistaafu. Misimu miwili baadaye niliitwa kituoni. Kokusima alisema kuna mgeni wangu. Mama Kabula alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya maabara, kikapu magotini. Nilimsalimu, akaitikia, akakifungua. Ndani mlikuwa na vifurushi viwili vya kitambaa, kila kimoja kimefungwa fundo lake, na kila kimoja kina kipande cha karatasi kilichochomekwa ndani, kimeandikwa na mkwewe kwa penseli.

Akanishika kifundo cha mkono kabla sijavigusa.

"Hiki ni cha mbegu, kimezidi nilichochukua," akasema. "Hiki nimechemsha, ni cha kula. Mkerewe, usichanganye."